Homiopathi ya vidoa vya damu hapa Mombasa: mzee mpole, vidonge vitamu, lakini damu ipelekeni labu

Duka jina silitaji, wanaolijua washalijua, liko vichochoroni nyuma ya Biashara Street ukishuka kuelekea Mji wa Kale. Naandika manake kwenye magrupu ya kina mama huku kwetu linasifiwa sana kwa ule ugonjwa wa vidoa vya damu, purpura, ile mtoto alala mzima aamka miguu imejaa vidoa vyekundu vyekundu na mabaka ya zambarau na hakuanguka wala hakupigwa na mtu. Kila mtu anasema nenda kwa mzee wa homiopathi, ile tiba ya vipunje vitamu vya dawa iliyopunguzwa mno, nenda kwa mzee. Basi sisi tulienda, na ntasema yote, mazuri na mabaya.

Mazuri yapo mengi wallahi. Duka safi, feni inafanya kazi, makabati ya mbao mpaka juu yamejaa vichupa vya kahawia vimepangwa kwa herufi, na mzee mwenyewe ana subira ambayo kwenye hospitali za mji huu hujaiona. Hakuna kuitwa namba, hakuna kuangalia saa. Anakuketisha, anakuita binti yangu, anafungua daftari kubwa anaanza kuuliza.

Mgonjwa wetu ni mtoto wa dadangu, yuko darasa la pili. Alishikwa na mafua ya kawaida yakaisha, alafu ndio vidoa vikatoka, na fizi zikawa zavuja damu akipiga mswaki. Dadangu alijaribu lile jambo la glasi, unabandika glasi ya kunywea maji juu ya ngozi unabonyeza uangalie ndani, vipele vya kawaida vya joto hufifia, vyake vilibaki vile vile vyekundu chini ya kioo, manake ile ni damu imetoka nje ya mshipa, haina pa kurudi. Hospitali wakampima, pleteleti, zile chembe za damu za kuigandisha, zikawa 14,000, na mtu mzima wa afya huwa nazo baina ya 150,000 na 450,000 kwa maikrolita moja ya damu. Wakasema ni kinga ya mwili wenyewe imegeuka inazila pleteleti, kwa watoto hutokea sana baada ya virusi, wakampa stiroidi, dawa za kuituliza hio kinga, za muda mfupi na tarehe ya kurudi kupimwa. Mamangu akasema hospitali sawa, lakini na kwa homiopathi tupite, babake marehemu alikuwa akitibiwa huko enzi za mkoloni. Ukishaambiwa hivo na mamako utasema nini.

Sasa maswali ya mzee. Aogopa radi huyu? Apenda maji ya baridi? Ni mwembamba mrefu kama alivo au amekonda juzi? Damu yatoka upande wa kulia zaidi au wa kushoto? Akilala huamka mbaya zaidi? Shati la kubana shingo alivumilia? Mimi nlikuwa nacheka moyoni lakini nlipofika nyumbani nkasoma, kumbe mzee hakuwa akibahatisha, kila swali lina dawa yake na ni mfumo wa miaka mia mbili. Anayeogopa radi na kutaka maji ya baridi, na kijeraha kidogo kikitoka damu nyingi, huyo ni Phosphorus. Asiyevumilia kitu shingoni na akiamka hali imezidi, huyo Lachesis. Damu nyeusi nyepesi isiyoganda inayotoka kila mahali, Crotalus horridus. Mwenye michubuko aliyelala akilalamika kitanda kigumu, Arnica. Mkojo mweusi wa damu, Terebinthina. Yule anayehisi baridi lakini hataki kufunikwa, Secale. Na Hamamelis kwa damu nzito ya mishipa ya kurudisha damu moyoni.

Angalieni hizo dawa zenyewe zimetoka wapi ndio mshangae. Terebinthina ni tapentaini, ile ile ya fundi wa rangi. Secale ni kuvu inayoota kwenye nafaka ya rai, zamani Ulaya watu walikula mkate wake wakaoza vidole. Phosphorus ni fosforasi ya viberiti vya zamani, wafanyakazi wa viwanda vya viberiti iliwaoza mataya, na mtu akiimeza inamharibu ini mpaka avuje damu. Crotalus ni sumu ya yule nyoka wa Amerika mwenye njuga mkiani. Lachesis pia nyoka, mkubwa wa misitu ya Amerika Kusini, na hiyo ina kisa, aliyeileta ni daktari Mjerumani Constantine Hering mwaka 1828 akiwa Suriname. Inasimuliwa kuwa wenyeji walimletea nyoka wakakimbia wote, akaikamua sumu mwenyewe, akaisaga na sukari ya maziwa, vumbi lake likamlewesha akawa anaweweseka na mkewe amekaa kando anaandika kila anachosema. Baadae alihamia Philadelphia akawa jina kubwa la homiopathi Marekani.

Mpango wao ni kuwa kinachomletea mzima dalili fulani, kikipunguzwa sana kitamtoa mgonjwa dalili hio hio. Sumu ya nyoka inavujisha damu, basi sumu ya nyoka ipewe anayevuja damu. Na hapo lazima niwape haki yao, macho walikuwa nayo. Sumu za nyoka wa aina ile kweli zinavuruga kuganda kwa damu, fosforasi kweli inavujisha, hawakutunga. Walitazama mgonjwa kwa makini kuliko madaktari wengi wa zama zao waliokuwa wakitoa watu damu kwa kisu na ruba, na nina hakika kuna wagonjwa waliopona karne ya 19 kwa sababu tu walienda kwa daktari wa homiopathi hawakuguswa na kisu. Mtu anavuja damu alafu unamtoa damu zaidi, hebu fikiria.

Shida inaanza kwenye kupunguza. Mzee alitoa chupa ya kahawia imeandikwa Phosphorus 30, akadondosha tone juu ya vipunje vyeupe vya sukari vilivyo kwenye kichupa cha plastiki, akafunga, akakigonga gonga kiganjani, harufu ya spiriti ikajaa kaunta nzima. Lebo akaandika kwa mkono, hati nzuri ya kizamani ya kulala upande, vipunje vinne mara tatu, usivishike kwa vidole, mimina kwenye kifuniko uweke chini ya ulimi. Shilingi 400. Kichupa cha pili Crotalus 30, bei hio hio. Na chupa ya Hamamelis ya maji ya kupaka, hio ghali kidogo.

Hio 30 maana yake hii. Unachukua tone moja la dawa unatia kwenye matone 99 ya spiriti unatikisa, Samuel Hahnemann aliyeanzisha haya mambo alisema uigonge chupa kwenye kitu kigumu chenye kudunda kidogo, mfano kitabu chenye jalada la ngozi. Alafu unachukua tone moja la hio unatia kwenye 99 nyingine. Unarudia mpaka ya 30. Ukipiga hesabu ni 1 na sifuri 60 nyuma yake. Ukifika ya 12 tu hivi tayari hata chembe moja ya ile fosforasi haiko, yaani ukimwaga kijiko cha karafuu kwenye bahari ya Hindi yote ukachota kikombe pale Nyali ungekuwa na karafuu zaidi ya ilivyo fosforasi kwenye kile kichupa. Hahnemann hakuwa mwongo, alifariki 1843 na mtu wa kwanza kukadiria ukubwa wa molekuli, Loschmidt, alifanya hivo 1865, basi alikuwa hana namna ya kujua kuwa chupa imebaki tupu. Sisi tunajua. Duka linajua pia, mzee si mjinga, nlipomuuliza akaniambia inayobaki ni nguvu ya dawa si dawa. Sawa. Lakini 400 yangu si nguvu ya pesa, ni pesa.

Na mtu asiniambie ati nachukia sumu ya nyoka. Kuna dawa ya presha inaitwa captopril, ilipatikana kwa kuchunguza sumu ya nyoka wa Brazil, hio inafanya kazi na imepimwa kwa miligramu, ukizidisha utaanguka. Dawa inayoweza kukuangusha ndio dawa. Vile vipunje mtoto wetu alivipata mezani akavila nusu kichupa kama peremende mamake akiwa jikoni, tukapiga simu dukani kwa hofu, tukaambiwa hakuna neno, havina madhara. Mimi hapo ndio nliposadiki.

Kitu kilichonivutia zaidi kwenye kusoma kwangu ni kuwa historia yote ya homiopathi na ya ugonjwa huu imejaa watu waliojijaribu wenyewe. Hahnemann 1790 alikunywa magome ya mti wa kwinini akiwa mzima, akahisi dalili anazosema ni za homa ya malaria, na hapo ndipo wazo lote la homiopathi lilipozaliwa. Hering na nyoka wake nishawaambia. Alafu kuna William Harrington, daktari wa St. Louis, Marekani, mwaka 1950 alijitia kama nusu lita ya damu ya mgonjwa wa vidoa hivi hivi. Kwa masaa machache pleteleti zake zikaporomoka karibu ziishe kabisa, akashikwa na degedege, ngozi ikatoka vidoa, alipona baada ya kama wiki. Lakini yeye alikuwa anahesabu pleteleti kabla na baada, na kwa hesabu ile ndio dunia ikajua kuwa kwenye damu ya mgonjwa kuna kitu kinachoshambulia pleteleti, na ndio maana leo mtoto anapewa stiroidi, kuituliza kinga. Hahnemann hangeweza kuhesabu hata angetaka, pleteleti zenyewe Bizzozero alikuja kuzieleza 1882. Mimi simlaumu wa 1790. Namshangaa wa leo mwenye labu hatua chache kutoka dukani kwake na bado anauliza habari za radi tu.

Na hio kwinini, subirini. Mwaka 1865 daktari mmoja Muingereza aitwaye Vipan aliandika kuwa kwinini yenyewe inaweza kumtoa mtu vidoa vya purpura, na mpaka leo inajulikana, kwa baadhi ya watu kwinini inaangusha pleteleti vibaya sana, hata ile iliyoko kwenye soda ya toniki. Yaani mti ulioanzisha homiopathi ndio huo huo unaosababisha ugonjwa ambao homiopathi inadai kuutibu. Mimi nlicheka peke yangu kwenye matatu ya Kisauni watu wakanitazama. Kwa hivo mkimpeleka mgonjwa popote pale mtajeni kila dawa aliyomeza karibuni. Mzee hakutuuliza dawa alizomeza mtoto mpaka mwisho kabisa, baada ya radi na shati.

Sasa ubaya wenyewe, na hapa ndio naondoa nyota. Aliposikia stiroidi uso ukabadilika. Akasema zinaua dawa yake, tuziache kwanza, alafu tuache kahawa na mnaanaa na kafuri manake navyo vinaharibu. Kahawa mtoto hanywi, ingawa kumwambia mtu wa Mombasa asiguse kahawa ni kumtukana, mamangu alinuna njia nzima. Lakini stiroidi? Stiroidi mtu haziachi ghafla kwa kuambiwa kwenye kaunta, zinapunguzwa na aliyeziandika, na mtoto mwenye pleteleti 14,000 na fizi zinazovuja akianguka uwanjani akagonga kichwa damu inaweza kwenda ubongoni. Dadangu akamwambia kwa adabu, mzee wangu, stiroidi tutamaliza. Akasema basi dawa yangu haitafanya kazi msije mkanilaumu. Ikawa ndio hivo.

Pleteleti zilipanda. Kipimo kilichofuata zilikuwa juu, kingine juu zaidi, vidoa vikageuka manjano vikafutika, mtoto sasa yuko shule anapigana na wenzake. Mamangu yuasema ni vipunje. Daktari anasema ni stiroidi na Mungu na wakati, manake kwa watoto ugonjwa huu karibu wanane kwa kumi hupona wenyewe kwa miezi sita hivi, wengi bila dawa yoyote. Na hapa ndipo siri ya sifa zote za lile duka. Ushuhuda wa kina mama si uongo hata mmoja, mtoto alikuwa na vidoa, alipewa vipunje, alipona. Angepewa maji ya dafu angepona na tungekuwa na grupu la maji ya dafu. Hata Werlhof wa Hanover, aliyeandika ugonjwa huu 1735 mpaka ukaitwa kwa jina lake, alimtibu msichana aliyekuwa akivuja damu puani na kutapika damu, akapona, na pleteleti hakuna aliyezijua wakati ule. Watu wazima ndio bahati mbaya, kwao mara nyingi ugonjwa hukaa, huja ukaenda, na kwao sijaona hao mashahidi wakijitokeza kwenye grupu.

Na kwa kweli mtu akitaka ushahidi si lazima asikize mimi. Australia serikali yao ilikaa ikapitia tafiti kwa wingi ikatoa jibu 2015, hakuna ugonjwa hata mmoja ambao homiopathi imethibitika kuutibu kwa ushahidi wa kutegemewa. Uingereza, nchi ambayo ilikuwa na mpaka hospitali za homiopathi, huduma yao ya afya ya serikali 2017 iliwaambia madaktari waache kuiandika.

Jambo la hapa kwetu hasa. Mombasa tuna homa ya dengi, ilitulipukia 2013, ikaja tena 2017, ikaja 2021, na dengi inaangusha pleteleti na kutoa vidoa. Malaria nayo inaziangusha. Na kuna ile homa ya uti wa mgongo ambayo vidoa vyake pia havifutiki chini ya glasi na mtu anaweza kufa kabla ya swala ijayo. Basi mtu mwenye homa na vidoa kama hivo si wa kupelekwa kwa mzee wala kwa duka lolote, ni emajensi usiku huo huo. Na usimpe asprini wala brufeni kwa homa, zote mbili zinazubaisha pleteleti chache alizobakiwa nazo, panadoli ndio ya kushikilia mpaka aonwe. Hili duka halikutuambia, nimeambiwa na nesi wa labu alipokuwa akifunga pamba mkononi mwa mtoto, maneno mawili tu, na yalikuwa na faida kuliko kikao kizima.

Kwa hivo nyota. Huduma na adabu nyota tano, natamani hospitali zetu zimwajiri mzee akafundishe watu kusikiliza. Usafi tano. Bei tatu, manake sukari ni sukari. Kwa tiba ya vidoa vya damu nyota moja, na hio moja ni kwa sababu vipunje havikumdhuru mtoto, ushauri wa kuacha stiroidi ungemdhuru. Hamamelis ya kupaka mamangu yuajipaka miguu yake inayouma jioni, yuasema inampoza, na ile walau ina mmea ndani unaunusa, sina ugomvi nayo.

Mkienda, nendeni asubuhi. Ijumaa hufunga mapema na hafungui tena mpaka alasiri, magari hapana pa kuegesha kabisa, shukeni Marikiti mtembee. M-Pesa anapokea lakini risiti mpaka uiombe. Karatasi ya labu mpelekeeni mzee hata asipoitaka, muiweke juu ya lile daftari lake aione.